Piki ya Floribert Inarudi Kipande kwa Kipande

Maman Georgette alikuwa kwa soko ya Kadutu, anapindua mafungu ya sombe, ile mboga ya muhogo, akitafuta lisilo na majani ya manjano, wakati Maombi muuza sombe alimwambia kwamba asubuhi, akienda misa, alipishana na bomba la moshi la piki kwenye ngazi za kushukia Nyalukemba. Lilikuwa linashuka lenyewe, polepole, likijibana kando ya ukuta ili wenye mizigo wapate njia. Lilikuwa na kutu na lilinuka mafuta ya zamani.

"Batu banasema linatoka kwenu," Maombi alisema, akifunga sombe. "Mimi sijui. Nililiachia tu njia."

Georgette alilipa akaondoka. Hakudai hata matabishi, ile nyongeza ya muuzaji, naye kwa soko ile anajulikana kama mwanamuke asiyeacha matabishi yake. Njia yote alijiambia kwamba ni maneno ya soko, na maneno ya soko hayana mifupa. Lakini neno lile lilimushika kama mutoto anayekataa kushuka mugongoni. Alipanda nalo mpaka kwao Cimpunda.

Kwa nyumba, mume wake Léopold alikuwa amechuchumaa chini ya muti wa avoka, anasugua tangi jipya la mafuta na msasa. Kando yake kulikuwa beseni kuukuu alimokuwa anatupa vipande vya piki vya zamani. Jana jioni Georgette aliliona bomba la moshi ndani ya beseni ile kwa macho yake. Sasa kulibakia maji ya mvua na jani moja.

Aliuliza liko wapi. Léopold alijibu kwamba limeenda. Alisema ni afadhali, maana hakuwa na mahali pa kuweka takataka, na kama inajitoa yenyewe, hatahangaika kutafuta mutu wa kuitupa.

Piki ile ilikuwa ya Floribert, mudogo wake Léopold. Ni piki ndogo ya kale, ya wakati wa mapadri wazungu. Katekista mumoja aliiendesha mpaka akazeeka, kisha Floribert akaichukua kwake na kuipenda kama mbuzi aliyezaliwa nyumbani. Kwenye bati la gurudumu la nyuma aliandika na rangi nyeupe, kwa mukono wake: FRANCINE NA BATOTO. Kila asubuhi alimupakia mke wake Francine pamoja na beseni ya sambaza, dagaa wa ziwa, kutoka ukingo wa ziwa mpaka sokoni. Batoto walisoma kwa sambaza ile.

Floribert alirudi kutoka machimbo ya Kamituga na homa, na homa ikamumaliza. Siku ya kilio, Francine akiwa angali chini kwenye mukeka, kichwa kimefunikwa, Léopold na ndugu zake walitoa piki kwa mulango wa nyuma. Walisema ni mali ya famille, ya ukoo. Mwanamuke anaweza kuolewa kwingine, na piki haiwezi kwenda kuolewa pamoja naye. Georgette alikuwa nje, anasonga bugali ya kilio. Aliona gurudumu likipita. Mwiko haukusimama.

Tangu siku ile Léopold alishughulika na piki kila akitoka kazini. Hakuna aliyeweza kusema hafanyi vizuri. Alinunua bomba jipya linalong'aa. Alitafuta kiti cha ngozi nyekundu chenye nyuzi za manjano. Alinyoosha, alipaka, alingojea rangi ikauke, alipaka tena. Kwa kuwa yeye ni mukubwa wa shirika, ile jumuiya ndogo ya kanisa, na ndiye anayeongoza sala ya mutaa, kwenye bati jipya aliandikisha: MUNGU NI MUAMINIFU.

Na kila kipande cha zamani alichotupa, kesho yake hakipo.

Vile vidogo vilipita chini ya mulango wa bati. Buloni, vile vyuma vya kukazia, zilienda kwa mustari, kama siafu, zikiacha alama nyembamba kwenye matope. Vikubwa vilingojea kufunguliwa. Kiti cha zamani, kilichopasuka na kutoa sponji, kilisimama asubuhi nzima karibu na mulango mpaka Emmanuella, binti yao, alipofungua akienda kuteka maji. Alikiachia kipite kwanza. Watu wa mutaa waliona, na hakuna aliyeuliza kitu, maana wote walijua kinaenda wapi. Hilo ndilo lililomuchoma Georgette. Kama wangeshangaa, angepata la kujibu.

Emmanuella alikuwa mwenye kuposwa. Famille ya Pascal, muchumba wake, walikuwa wameshakuja kugonga mulango, na watarudi kuleta mbuzi wa mahari. Kwa hiyo Georgette alilala vibaya. Aliwaza: siku watakuja, kama gurudumu litaamua kutoka, litatoka katikati ya wageni.

Siku moja taa ya mbele iling'oka, na yeye akaifuata. Alijifunika kitambaa kichwani ili asijulikane, lakini kila ngazi alisalimiwa kwa jina. Taa ilishuka mbele yake bila haraka. Kwenye barabara kubwa ilisimama, ikaacha kamyo ipite, ikavuka. Muuza mikate aliisogezea meza yake kidogo, akamwambia Georgette, "Leo ni taa. Juzi ilikuwa usukani. Bwana yako anatumika kazi, Maman Emma."

Georgette alijibu kwamba ndiyo, anatumika kazi.

Francine alikuwa mbele ya nyumba yake ya kupanga, kule chini Nyalukemba, anachambua sambaza kwa sinia. Beseni ya kubebea ilikuwa kando, na pembeni ya beseni kitambaa cha kichwani, kilichosokotwa duara, kile anachowekea mzigo tangu alipoanza kutembea kwa miguu. Shingo yake ilikuwa imekonda. Alimwita Georgette yaya, yaani dada mukubwa, kwa sababu Georgette ni mke wa mukubwa, akamuletea kiti, akauliza habari za batoto. Kisha akaiokota taa, akaifuta na pindo la kikwembe alichojifunga kiunoni, na kuingia nayo ndani.

Ndani, kati ya kitanda na ukuta, piki ilikuwa imesimama. Ilikuwa karibu nzima. Tangi lenye kutu, kiti kilichopasuka, bati la nyuma na maandishi yake meupe. Taa ilienda mahali pake ikajikaza yenyewe. Batoto wa Francine walikuwa wanafanya kazi ya shule juu ya kiti kile, na hawakuinua macho.

"Inabakia mota," Francine alisema. "Nasikia bwana yako eko ananunua ingine."

Georgette alisema hajui mambo ya mota. Alikunywa maji aliyopewa, akarudisha kikombe.

Ni kweli Léopold alikuwa ananunua mota nyingine, maana ile ya zamani ilikataa kuwaka kwake. Aliifungua, akaisafisha, akaibembeleza, akaitukana. Mwishoni aliitupa ndani ya beseni, na beseni ikapasuka. Mota ilichukua muda kufika, kwa uzito wake. Ililala kwa kibaraza cha huyu, ikapumzika chini ya meza ya yule. Mama mumoja muzee aliifunika na gunia mvua iliponyesha. Ilipofika kwa Francine, iliwaka mara ya kwanza.

Basi kukawa piki mbili. Francine alijifunza kuendesha, akianguka kidogo mbele ya watu. Vijana walimucheka, wakimwita Maman Motard, kisha wakazoea. Sambaza yake ilifika sokoni kabla ya zingine, ikiwa bado inang'aa. Batoto walirudi kushiba, na shingo ya Francine ikarudi kujaa.

Piki nyekundu ya Léopold nayo ilitembea bila shida yoyote. Siku ya Mungu alimubeba Georgette kwenda misa. Aliketi kwa upande, juu ya ngozi mpya, na kikwembe chake cha sikukuu. Kilikuwa kiti laini kabisa. Kwa kanisa, wanawake wa benchi lake walisogea wakamuachia nafasi kubwa kuliko mwili wake unavyotaka. Aliketi katikati ya nafasi ile mpaka mwisho wa misa.

Alifikiri mambo yamekwisha vizuri: kila mutu na piki yake. Hata alianza tena kudai matabishi.

Lakini Léopold aliita ndugu zake, akawapa kasiksi, pombe ya ndizi, akawaeleza kwa utulivu, kama anavyoeleza Injili kwa shirika. Hii nyekundu, alisema, kila kipande chake amenunua yeye, kwa hiyo ni yake, haina mutu mwingine. Piki ya marehemu ni ile iliyoko Nyalukemba, kutoka taa mpaka buloni. Na mali ya marehemu ni ya famille. Ndugu walitafakari, wakaona ni kweli. Hakuna aliyepata kosa katika hesabu ile.

Ulibakia ufunguo wa piki ile. Francine aliufunga katika fundo la kikwembe chake, na haifai wanaume kugusa kikwembe cha mujane.

"Maman Emma, wewe njo utaenda," Léopold alisema. "Wewe ni mwanamuke. Hawezi kukukatalia."

Georgette alisema kichwa kinamuuma. Alisema kuna nguo za kuanika. Nguo zilianikwa, kichwa kikapona, na wanaume walikuwa bado wanamungojea. Alienda.

Francine alikuwa ameketi palepale, na sinia palepale. Alitazama wanaume waliosimama barabarani wakijifanya wanaongea mambo ya mpira, akamtazama Georgette. Hakulia. Alifungua fundo na meno, maana lilikuwa limekazwa, akaweka ufunguo katika mukono wa Georgette na kumukunja vidole kimoja kimoja.

"Yaya," alisema, "siku ile nilikuwa chini kwa mukeka, nimefunikwa. Sikuona nani alichukua. Leo nimeona."

Ufunguo ulikuwa na joto la mwili wake. Ulibaki na joto lile ngazi zote mpaka Cimpunda.

Piki haikubisha. Ilipanda kilima ikisukumwa, ikawekwa chini ya muti wa avoka kando ya ile nyekundu. Asubuhi ya kesho taa ya mbele haikuwepo. Kesho kutwa, kiti.

Sasa ni desturi. Kila juma vipande vinashuka, na kila siku ya posho, ndiyo Jumamosi, Georgette anatumwa kwenda kuvirudisha. Anavibeba kwa beseni mpya, juu ya kichwa, na kitambaa kilichosokotwa duara. Francine anampa vyote vilivyofika, kwa adabu, akiuliza habari za batoto. Yeye anatembea tena kwa miguu na sambaza yake, na mara nyingine wanapishana kwenye ngazi, kila mumoja na beseni yake, na anayeshuka anampisha anayepanda. Watu wanasalimia wote wawili.

Mbuzi wa famille ya Pascal walifika. Siku ile hakuna kipande kilichotoka; wageni walisifu rangi nyekundu. Jioni, wakiosha sahani, Emmanuella aliuliza, kwa sauti ya mutu anayeuliza chumvi iko wapi:

"Maman, siku Pascal akikufa, kwangu batatuma nani?"

Georgette alisuuza sahani ile mara nyingi. Kisha alimwambia mambo ya kuepuka, na anataka kila mama amwambie binti yake:

Usifunge ufunguo kwa kikwembe. Mahali pale kila mutu anapajua.

Usikae kwenye mukeka wa kilio bila mutu wa kwenu kando yako, mwenye macho wazi.

Usiache karatasi za nyumba na za piki na jina la bwana peke yake.

Usiseme "mali ya famille" kwa kitu ambacho hukukitolea jasho.

Usipande kiti kipya kwenda misa kabla ya kuuliza cha zamani kiko wapi.

Usikubali kutumwa kwa sababu eti wewe ni mwanamuke.

Usisonge bugali wakati gurudumu linapita.