Mlio wa Kiatu cha Kushoto

Mimi ni fundi viatu, na sipendi mtu aguse gundi yangu. Kwa hiyo nilipoingia kibandani nikamkuta kitindamimba wangu amekalia kigoda changu, kopo la gundi liko wazi na vidole vimegandana, hasira zilinipanda kabla ya salamu.

"Nani amekuruhusu?"

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Nani amekuruhusu?"

Akanionyesha vipande vya sponji ngumu, ile ya kutengenezea ndala. Kila akivibana, vinaachia. Alikuwa anatengeneza deraya, vazi la vita, akasema. Mwezi ujao kuna onyesho kwenye ukumbi wa maktaba, vijana wanavaa kama wahusika wa katuni. Wenyewe wanaita kosplei. Yeye atapanda jukwaani akiwa Mlinzi wa Lango, mwanamke wa vita katika hadithi ya picha anayoisoma kwenye simu.

"Wewe? Jukwaani?"

Neno lilinitoka tu, na nilijuta papo hapo. Mwanangu ana miaka kumi na saba, na mguu wake wa kushoto ni mfupi kuliko wa kulia kwa upana wa vidole vinne. Tangu aanze shule namshonea kiatu chenye soli nene. Anakificha kwa sketi ndefu, kwenye picha za darasa anasimama nyuma, na siku ya kupokea zawadi ya hesabu alisingizia homa ili asipite mbele za watu.

"Nikishindwa safari hii, baba, sitajaribu tena."

Hakuwa anatania. Nikavuta kiti.

"Gundi hii haibandikwi mbichi. Paka pande zote mbili, acha ikauke mpaka kidole kisinate, ndipo ubandike. Na ukishabandika umebandika, hakuna kuomba msamaha."

Kisha akatoa mkobani vipande vya nailoni. Alikuwa amejizungushia nailoni kiwiliwili kizima, akabandika solotepu juu yake, akachora mistari, akamwomba mama yake aikate mgongoni kwa mkasi. Kifua na mabega yake vilikuwa pale mezani, vipande bapa, kila kimoja na alama yake. Ndivyo ninavyopata ramani ya kiatu: nakizungushia solotepu kigogo cha mbao chenye umbo la mguu, nachora, nabandua, nakata. Mimi nilifundishwa hivyo miaka miwili, na mzee mkali kuliko mimi.

"Nani amekufundisha?"

"Si wewe? Nimekaa hapa tangu nikiwa mdogo."

Nilimwangalia kama mtu niliyetambulishwa kwake siku hiyo.

Basi tukaanza. Sponji ukiipitishia pasi ya moto juu ya karatasi inalainika, unaikunja juu ya goti, ikipoa inabaki hivyohivyo. Bamba la kwanza la bega lilipopinda mikononi mwangu nilicheka peke yangu. Fundi cherehani wa mlango wa pili akachungulia, akauliza nimeanza lini kuunda kobe. Rangi tuliyoanza nayo sponji iliinywa yote, tukajifunza kupaka gundi nyeupe kwanza. Juu yake rangi nyeusi, halafu rangi ya fedha kidogo tu kwa kitambaa kikavu. Ndala zikageuka chuma. Nilijua ni sponji, nimeikata mwenyewe, na bado niligonga kwa ukucha kuhakikisha.

Buti nilishona kwa siri. Nilizivika mabamba mpaka chini, soli nene isionekane kabisa, na chini ya ile ya kushoto nikabandika raba laini. Raba hiyo naiweka kwenye kila kiatu chake tangu akiwa na miaka saba, siku aliyorudi kutoka shule analia: soli ilikuwa inagonga sakafu na darasa zima linageuka. "Baba, kifanye kinyamaze," aliniambia.

Akazijaribu buti, akatembea kibandani bila kishindo. Nilisubiri sifa zangu.

"Toa raba."

"Watu watageuka, mama."

"Ndiyo. Mlinzi wa Lango husikika kabla hajaonekana. Na soli usiifiche. Ipake dhahabu."

Nilibishana naye wee, nikashindwa. Nikabandua raba, mahali pake nikapigilia kibati cha chuma.

Siku ya onyesho ukumbi ulijaa kelele. Jina lake likaitwa. Hakutoka mtu. Likaitwa tena. Mke wangu akanibana mkono, na mimi nikajua ameghairi, nikajilaani kwa kile kibati.

Ndipo nikasikia: ko.

Watu wa mbele wakanyamaza. Ko. Kimya kikarudi nyuma safu kwa safu mpaka mlangoni. Ko. Akatoka kwenye pazia, mrefu kuliko nilivyowahi kumwona, mabega yanameta, soli ya dhahabu mbele. Nilikuwa nimekata kila kipande cha deraya ile pamoja naye, na niliogopa, nawaambia kweli, niliogopa kama mtoto. Alitembea taratibu mpaka katikati, akasimama, akatutazama sote.

Jumatatu alipita kibandani akiwa na sare ya shule. Akakaa kwenye kigoda changu bila ruhusa, akavua kiatu cha kushoto, akakiweka mezani soli juu.

"Na hiki, baba."

Nikachukua kisu, nikaanza kubandua raba.