Nafasi ya Musyoka

Huzefa alikuwa akimpanga bwana harusi na mashemeji zake uani mwa nyumba moja ya Mji wa Kale, na kama kawaida aliacha nafasi mkono wa kulia. Nafasi ile ilikuwa ya marehemu Musyoka. Kwa macho hakuonekana, ila kwenye kioo cha kamera alikuwapo, na helmeti yake ya manjano na fulana ya kung'aa, mikono kaikunja mbele.

Watu walishamzoea. Wazee waliuliza kama amekula. Upande wa wanawake, ambako kamera ileile ilishikwa na Aqsa, dadake Huzefa, Musyoka alitokea kaupa ukumbi kisogo, anatazama ukuta. Sifa za adabu yake zikaenea, na Huzefa akapata kazi ambazo kwa ufundi wake asingezipata.

Mwenyewe hakujiita mpiga picha za harusi. Alijiita mwanahabari wa kujitegemea, na kujitegemea huko kulitegemea sana chungu cha mamake. Alivaa kizibao chenye mifuko tele, ambamo mlikuwa na betri moja na peremende. Picha zake chache zilizotoka gazetini ziliandikwa chini "Picha: Maktaba", hata mamake, Bi Hawabai, akauliza huyo Maktaba ni nani, mbona ana bidii hivyo.

Musyoka alikuwa akipakua makontena bandarini Kilindini. Asubuhi moja Huzefa alimpiga picha chini ya kreni, anacheka, akamwambia, "Wallahi hii itatoka gazetini." Kabla ya adhuhuri kontena likamwangukia. Kampuni ikasema siku hiyo hakufika kazini. Mhariri akasema picha ni nzuri, lakini kampuni ile imelipia tangazo la ukurasa mzima. Basi Musyoka, aliyekuwa mtu wa kuamini viapo, akaanza kufuatilia ahadi yake, picha hadi picha.

Mkewe, Eddah, hakutaka makubwa. Alitaka kampuni itamke kwamba mumewe alifia kazini, ili watoto wasikue wakisikia baba yao alikuwa mtoro. Huzefa akavaa kizibao, wakaenda pamoja na ile picha ya kreni. Njiani alijiona shujaa, akatunga hata maneno ya kusema atakapopewa tuzo.

Afisa wa kampuni, Ronald, aliitazama picha kwa heshima. Kisha akatoa simu yake, akawaonyesha Musyoka kwenye harusi ya wiki iliyopita, Musyoka kwenye mahafali ya chuo, Musyoka nyuma ya mtoto katika picha ya pasipoti.

"Hizi zote umezipiga wewe, bwana?"

"Ni zangu," Huzefa akajibu, na lazima isemwe kwamba alijibu kwa fahari, maana ni nadra mtu kuzitambua.

"Basi picha yako haithibitishi alikuwa wapi siku ile. Na wewe mama, mume anayeweza kwenda harusini anaweza kuja kazini. Tumemfuta kwa utoro."

Getini Eddah alilia, akajifuta kwa leso. "Wewe na picha zako, Bwana Huzefa," akasema. Hakumtukana. Angemtukana ingekuwa nafuu.

Baada ya miezi kadhaa kampuni ileile ilimwita Huzefa awapigie picha ya siku ya usalama kazini. Aliapa haendi, kisha akafika mapema. Wafanyakazi wakapangwa chini ya kreni, na katikati yao, anacheka vilevile, akatokea Musyoka. Ronald alimtambua. Akasema si neno, uso wake unafaa tangazo. Jumapili picha ikajaza ukurasa mzima wa gazeti, na maneno makubwa juu yake: KWETU USALAMA NI KWANZA. Jina la Musyoka halikuwapo, wala la Huzefa.

Jumatatu, katika kijiduka chake cha picha, mteja wa pasipoti alitoka peke yake pichani. Huzefa akampiga tena, na tena, kisha akaelewa. Alimwahidi Musyoka gazeti, na gazeti keshalipata. Alikaa pale dukani kwa huzuni ambayo hakuitarajia, mteja akimuuliza kama kamera imeharibika.

Eddah aliukata ukurasa ule akaubandika ukutani. "Angalau ametoka," alimwambia Huzefa.

Kampuni haijatamka lolote mpaka leo. Harusini Huzefa bado anaacha nafasi mkono wa kulia, na mabwana harusi huuliza mbona wamesukumwa pembeni. Huwaambia ni ufundi.