Tuta Lililowashinda Paa

Watu wa ofisi walimwita Mzee Ndoo kwa sababu hakuna aliyewahi kumwona bila ndoo. Asubuhi ndoo mbili, mchana mbili, jioni tena mbili. Kazi yake ilikuwa moja tu: kuliweka hai tuta la maua mbele ya ofisi, mahali ambapo jua lilipiga tangu kuchomoza hadi kuzama na udongo ulikunywa maji kama mlevi. Kilichosazwa na jua, paa walitoka msituni alfajiri wakakimaliza.

"Tuta hili limeliwa mara mbili mwaka huu," Mkurugenzi alimwambia. "Likiliwa mara ya tatu, mzee wangu, tutaonana kwa barua."

Mzee Ndoo alikuwa amebakiza miaka mitatu kustaafu, na binti yake wa mwisho bado alikuwa chuoni. Barua hiyo aliiogopa kuliko chui.

Na kuchagua mimea wala haikuwa kazi yake. Ilikuwa ya Kamati ya Mandhari, watu saba ambao jembe hawajalishika hata kwa bahati mbaya. Mara ya kwanza walichagua mawaridi, kwa kuwa Mkurugenzi anapenda mawaridi. Mara ya pili, baada ya vikao vitatu na chai, walichagua mawaridi mekundu zaidi, pamoja na kibao: NI MARUFUKU PAA KULA MAUA. Paa walikula maua, kisha wakajikuna kwenye kibao.

Safari hii Mzee Ndoo alipiga moyo konde. Alipanga makopo kando ya msitu, kila kopo na mche wake, akajibanza nyuma ya tangi la maji kabla hapajakucha. Paa wakaja. Waridi wakalikomba. Alizeti wakaila mpaka shina. Rozimeri, kiungo kile cha harufu kali, wakainusa, wakaipita. Mshubiri wakaugusa kwa ulimi, wakatazamana, wakapiga chafya.

"Hii ndiyo kamati," Mzee Ndoo akajisemea, "na haijaomba hata chai."

Alipopeleka matokeo kikaoni, Katibu alikunja uso. "Mshubiri? Mzee, hii ni ofisi au zahanati?"

Lakini mkubwa kutoka makao makuu alitarajiwa baada ya miezi sita, na fedha za kununua mawaridi mara ya tatu hazikuwepo. Wakakubali shingo upande.

Tuta likashika. Mishubiri ikatoa maua mekundu yaliyosimama wima, na rozimeri ikanukia hadi kwenye korido. Mkubwa alipofika, alipiga picha kabla hata ya kusalimia watu. Mkurugenzi akamweleza kwa kirefu jinsi alivyolibuni tuta lile yeye mwenyewe. Mzee Ndoo, nyuma ya umati na ndoo yake tupu mkononi, hakuudhika hata kidogo. Sifa wachukue wao, yeye abaki na kazi. Siku nyingi hakuwa na furaha kama ile.

"Na maji je?" mkubwa akauliza. "Mnamwagilia mara ngapi?"

Mkurugenzi hakujua. Akamgeukia Mzee Ndoo, naye kichwa kikamvimba.

"Halihitaji, mheshimiwa! Mvua inatosha. Huu mwezi wa tatu sijalimwagia hata tone."

Mkubwa akaitazama ile ndoo, kisha akamtazama aliyeishika.

Barua ilikuja Jumatatu, imejaa pongezi. Kwa kuwa tuta halihitaji tena mtu wa kulihudumia, ilisema, ofisi inamtakia mzee wetu mapumziko mema. Mkewe aliisoma mara mbili.

"Akili nyingi huondoa maarifa," akasema, akaikunja barua taratibu. "Si ungenyamaza tu, mume wangu?"

Kesho yake alfajiri Mzee Ndoo alirudi ofisini kuchukua ndoo zake. Paa wanne walikuwa wamesimama mbele ya tuta. Miaka kumi na miwili alikuwa akiwarushia mawe. Leo alivua kofia, machozi yakimlengalenga.

"Kuleni, jamani," akawaomba. "Hata jani moja."

Paa mkubwa akanyoosha shingo, akaunusa mshubiri, akapiga chafya, akaondoka zake na wenzake.