Alhamisi za Mjomba

Nilichokiona kwanza ni suruali. Nguo za Mjomba nazipiga pasi mimi, na kila mkunjo wake naujua, lakini Ijumaa ile mguu wa kushoto ulikuwa umekunjamana mpaka gotini, na wa kulia umenyooka vilevile kama nilivyouacha. Sikuuliza. Mimi si mtu wa kuuliza.

Aliyeuliza ni Bibi, maana miguu ndiyo iliyopooza, si ulimi. Mjomba ndiye mwanawe pekee aliyebaki tangu mama yangu afariki. Akamjibu kwa fahari kwamba ameingia Frimasoni, daraja la kwanza, na kwamba anayeapishwa huko hukunja mguu mmoja wa suruali; mengine hayasemeki.

"Nyumba ya Frimasoni gani hii isiyo na hata feni?" Bibi akasema.

Majirani nao waliusubiri utajiri. Muuza mkaa alinivuta pembeni akitaka kujua kama ni kweli tunafuga joka la kutapika pesa chumbani. Nilitikisa kichwa tu. Tulichokuwa nacho ni panya.

Shida yangu mimi ilikuwa Alhamisi. Niliacha shule darasa la tano Bibi alipoanguka, na ile shule ya jioni ya watu wazima, nyuma ya zahanati, hufundisha Alhamisi tu. Mjomba aliniahidi kwamba atakuwa anakaa na Bibi ili mimi niende. Sasa ndugu zake wa loji, kundi lake la Frimasoni, nao wanakutana Alhamisi, na Bibi haachiki peke yake. Hata kujigeuza kitandani ni mpaka ashikwe.

"Vumilia kidogo, mwanangu, nimalize daraja hili," Mjomba aliniambia.

Akawa anakariri maneno yao bafuni, amefungulia bomba tusimsikie, mpaka tangi likakauka na mimi nikaenda kuteka maji kwa jirani. Akapanda daraja la pili. Safari hii ulikunjamana mguu wa kulia. Nikavumilia tena. Lilipofika la tatu ilikunjamana yote miwili, nami nikafurahi kimoyomoyo, kwa sababu mwenyewe alikuwa amesema juu ya hapo hakuna daraja jingine. Nikafua gauni langu zuri, nikachonga penseli.

Alhamisi iliyofuata akatoka chumbani na suti nyeusi. Kumbe amepewa cheo, mlinzi wa mlango wa ndani, na mlinzi hakosi kikao. Baada ya hicho kuna vyeo vingine, kimoja juu ya kingine, mpaka kiti cha mkuu wa loji. Alinielezea yote hayo akitabasamu, huku akitafuta glavu zake nyeupe, kama vile habari hiyo ilikuwa njema kwangu pia.

Halafu akaongeza kwamba loji imeamua kusomesha mayatima. Ndiyo kazi yao hasa, alisema.

Bibi alinitazama. Mimi nikatazama sakafu, kama kawaida yangu. Mjomba akaniomba nimsogezee viatu. Vilikuwa mlangoni, kando ya vyangu. Nikainama, nikavaa vyangu.

"Unakwenda wapi?"

"Shule."

"Na Bibi atabaki na nani?"

Jibu la swali hilo nilikuwa nimelimeza miaka yote, kila nilipomgeuza, kila nilipomwosha. Lilitoka kwa sauti ndogo, lakini lilitoka.

"Alikuwa mama yako, Mjomba, kabla hajawa bibi yangu. Leo kaa naye wewe."