Mpira wa Bei Mbaya

Kiharusi kilipomwachia mguu, seremala alianza kucheza gofu, maana daktari alimtaka atembee sana. Kwa shindano lake la kwanza, bintiye alimnunulia boksi la mipira ya bei mbaya, ile wanayochezea mabingwa.

Kwenye shimo la kwanza, mzee alipiga kama mtu anayegusa yai. Mpira ukaenda hatua chache ukalala. Shimo la pili likawa vilevile.

"Baba, unaupiga au unaubembeleza?" akauliza binti, aliyekuwa amembebea mfuko wa fimbo.

"Naogopa usizame kwenye bwawa lile mbele, mwanangu. Umejinyima kuninunulia."

Binti akapekua mfuko, akatoa mpira mkuukuu wenye michubuko, ule waliouokota majanini siku za mazoezi.

"Haya, piga huu. Ukipotea, hatuulilii."

Seremala akajipanga, akauchapa kwa moyo mmoja. Mpira ukavuka bwawa lote, ukatua kwenye majani mafupi ng'ambo.

"Kumbe fundi bado ana mkono," binti akacheka.

"Zawadi yako sijaidharau, mama. Ila kwa mwanafunzi kama mimi, mpira ni mpira. Bei haijui kupiga."

"Najua, baba. Lakini mwaka jana nilikuwa nakugeuza kitandani. Nilipokuona umesimama na fimbo, nilitafuta namna ya kushukuru, nikaona ile mipira."

Seremala akamshika bintiye mkono, si kwa kuegemea, wakaufuata mpira taratibu.