Saini ya Mlezi

Pale chuoni hakuna karatasi inayobandikwa ubaoni bila saini ya mlezi wa wanafunzi, na mlezi husaini siku anayojisikia. Ndiyo maana tamasha la muziki lilitangazwa likiwa limekwisha, na wachangia damu waliitwa siku ya tatu baada ya gari la hospitali kuondoka. Lawama zote zilimwangukia karani wa ubao, mama mtu mzima, ambaye wanafunzi walishambandika jina: Bi Jana. Hata wajukuu zake walilidaka.

Jumatatu asubuhi mlezi alimjia juu. "Jumamosi nimekaa ukumbini peke yangu na viti mia tatu. Kwa nini hukuutangaza mkutano wangu?"

Bi Jana alimtangulia mpaka ofisini kwa mlezi mwenyewe, akalivuta jalada lililokuwa chini ya kikombe cha chai cha bwana huyo, akalifungua. Tangazo la mkutano lilikuwa la tatu kutoka juu, halina hata alama ya kalamu.

Mlezi alitoa kalamu, akasaini taratibu.

"Haya, mama," alisema. "Kabandike."