Kiti cha Pili cha Baba Yake Weng

Ruiqing aliingia uani kwa mwalimu wake wa uchongaji, mzee Weng, na machungwa mkononi, akainua macho darini kama ilivyo desturi yake. Mbao za jeneza hazikuwepo.

Kwa miaka kumi na miwili mzee Weng alizitunza mbao hizo, akizifuta na kuzipaka mafuta, akiwatambia majirani kwamba atalala pazuri kuliko wote. Hapa Xianyou wazee hujiwekea mbao za jeneza wangali hai; mzee asiye na mbao zake ni mzee asiye na pa kwenda.

"Mama, mbao ziko wapi?" akamwuliza mke wa mwalimu.

"Muulize bwana harusi wangu huyo," mama akacheka. "Kazibadilisha na kiti. Dalali Ke kakipata kile kiti cha pili cha baba yake, fikiria! Tangu kije, hata uji anaunywea humo humo."

Ruiqing akaweka machungwa chini. Kiti hicho alikichonga yeye.

Baba yake Weng alichonga viti viwili vya mti mwekundu. Kimoja kilibaki. Cha pili kilibebwa na vijana wa mapinduzi mwaka wa sitini na sita, walipokuwa wakiharibu vitu vyote vya kale, na watu wakasema kilichomwa moto. Weng hakusadiki hata siku moja. Ruiqing, aliyejifunza kazi kwa kunakili kile kilichobaki, pamoja na nakshi zake zote za popo wa bahati na mawingu, mwaka jana alichonga pacha wake, akamsugua kwa chai na nta, akamzika miguu matopeni mpaka ikaoza kidogo, akampa Ke auze kwa wageni kama kitu cha kale. Wageni! Ke alijua vizuri pa kukipeleka. Na Ruiqing mwenyewe je, hakujua, au alijifanya hajui? Jibu alikuwa nalo, na lilimchoma.

Alimkuta mzee kitini, macho yamefunikwa na mtoto wa jicho, vidole vikipapasa popo.

"Mwalimu," Ruiqing akapiga magoti, "kiti hiki nimekichonga mimi."

Mzee akacheka mpaka akakohoa. "Wewe? Wewe ambaye popo wako wote walikuwa na sura ya kuku? Papasa bawa hili! Mkono wa baba hujaufikia, wala hutaufikia. Mama watoto, njoo usikie, mwenzetu kalewa asubuhi yote hii!"

Ruiqing angeweza kucheka naye na kwenda zake. Mzee angekufa na furaha yake, ila bila mbao. Akamwomba asimame.

Viti vya akina Weng havina msumari wala gundi. Ulimi wa ubao huingia tunduni ukabana, basi. Ruiqing akagonga kwa nyundo ya mti mara tatu, mkono wa kiti ukachomoka. Ndani, ambako chai na matope havikufika, ubao ulikuwa mbichi kabisa, na harufu ya mbao mpya ikajaa chumba.

Mzee hakuhitaji macho. Aliinua pua, akanusa.

"Kumbe walikichoma kweli," akasema.

"Namfuata Ke sasa hivi, mwalimu. Mbao zako zitarudi leo."

Mzee aliushika ule ulimi, akaupima kwa kidole gumba pande zote nne, polepole, kama alivyokuwa akikagua kazi za wanafunzi wake.

"Umekaa sawasawa," akasema. "Nilikufundisha vizuri mno."

Ruiqing akainamisha kichwa kungoja matusi. Hayakuja.